Robert Bosch

Robert Bosch (Albeck, karibu na Ulm, 23 Septemba 1861 – Stuttgart, 12 Machi 1942) alikuwa fundi, mvumbuzi na mwenye viwanda kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa magneto ya kuwashia injini za petroli na kwa pampu ya dizeli iliyoanza kutengenezwa kwa wingi katika kiwanda chake mwaka 1927. Kampuni aliyoianzisha bado inaitwa kwa jina lake.

Maisha ya awali

Alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye nyumba ya wageni. Baada ya shule alijifunza ufundi wa vyombo vidogo mjini Ulm, kisha akazunguka akifanya kazi kwa watu wengine, ikiwemo katika karakana za Edison huko New York na kampuni ya Siemens nchini Uingereza.

Tarehe 15 Novemba 1886 alifungua karakana yake mwenyewe mjini Stuttgart, akiwa na wasaidizi wawili tu. Walifunga simu na kengele za umeme, na kwa miaka kadhaa biashara ilikuwa ngumu.

Magneto

Mwaka 1887 Bosch alitengeneza magneto kwa ajili ya injini isiyotembea, na mwaka 1897 karakana yake ikafanikiwa kuifunga kwenye chombo cha magurudumu matatu. Mhandisi wake Gottlob Honold alikamilisha mwaka 1902 magneto ya volteji kubwa pamoja na plagi yake. Kifaa hicho ndicho kilichomtajirisha Bosch. Mwaka 1906 aliwapa wafanyakazi wake siku ya kazi ya saa nane, jambo lililokuwa nadra Ujerumani wakati ule.

Pampu ya dizeli

Injini ya Rudolf Diesel ilifanya kazi tangu mwaka 1897, lakini haikufaa kwa magari. Mafuta yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyokandamizwa, na mtambo wa kukandamiza hewa hiyo ulikuwa mkubwa na mzito. Kwenye meli au kiwandani haikuwa shida. Kwenye lori ilikuwa haiwezekani. Mwishoni mwa mwaka 1922 Bosch aliamua kampuni yake itafute njia ya kusukuma mafuta yenyewe, bila hewa, na mwaka 1927 pampu 1,000 za kwanza zilikuwa tayari.

Kazi ya pampu hiyo ni kupima kuliko kusukuma. Kila silinda ya injini ina pistoni yake ndogo ndani ya pampu, iliyosagwa kwa umakini hata nafasi kati yake na ukuta ni elfu chache tu za milimita. Pistoni hupanda umbali uleule kila mara. Kinachobadilika ni kiasi cha mafuta, kwa sababu ubavuni mwake pamechongwa mfereji wa mshazari. Mfereji ukifikia tundu la pembeni, shinikizo hupotea na mafuta huacha kwenda kwenye nozeli. Fimbo yenye meno huizungusha pistoni, hivyo mfereji hulifikia tundu mapema au kwa kuchelewa. Fimbo hiyo huendeshwa na kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana, na mwisho wake huwekewa kizuizi ili isipite kiasi kilichopangwa.

Pampu ya 100,000 ilitengenezwa mwaka 1934. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilitoa modeli ya 260 D, gari dogo la dizeli lililotumia pampu ya Bosch.

Wakati wa Wanazi

Sehemu hii ya maisha yake haina jibu jepesi. Kampuni ilipokea kandarasi za silaha, na wakati wa vita ilitumia maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi. Hata hivyo Bosch na viongozi wenzake walisaidia Wayahudi kwa fedha na ajira, na mwaka 1937 walimwajiri kama mshauri Carl Goerdeler, mpinzani wa Hitler aliyeuawa mwaka 1945. Hans Walz, aliyekuwa kiongozi mkuu wa kampuni, alitambuliwa na Israeli mwaka 1969 kwa kuwasaidia Wayahudi. Bosch mwenyewe alipofariki, serikali ya Hitler ilimzika kwa mazishi ya kitaifa.

Miaka miwili kabla ya kifo chake ilifunguliwa hospitali aliyoigharamia mjini Stuttgart. Sehemu kubwa ya hisa za kampuni leo ni mali ya mfuko wa hisani wenye jina lake.

Pampu baada ya kifo chake

Muundo wa mwaka 1927 uliendelea kutumika kwa miongo mingi. Mfano maarufu ni pampu ya P7100, iliyofungwa kwenye injini za Cummins za lita 5.9 katika pikapu za Dodge Ram za Marekani kuanzia 1994 hadi 1998. Ndani yake kizuizi cha fimbo ni kipande cha chuma kiitwacho bamba la mafuta. Umbo la ukingo wake huamua kiwango cha juu cha dizeli katika kila mwendo wa injini.

Wapenda magari waligundua kwamba bamba hilo likisogezwa mbele, likisagwa au likiondolewa kabisa, injini hupata nguvu nyingi zaidi kwa gharama ndogo. Lakini bamba haliongezi hewa. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoka kama moshi mweusi, joto la gesi za ekzosi hupanda, na lori likivuta mzigo mlimani kwa muda mrefu pistoni za injini zinaweza kuyeyuka. Kwa hiyo mafundi makini hufunga kipimo cha joto kwenye ekzosi kabla ya kuligusa bamba, na huongeza uwezo wa tabo pia.