Lenana: Laiboni aliyegeuzwa mfalme ili atie sahihi

Wapandaji wengi wa Mlima Kenya hukomea kwenye kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Vilele viwili vinavyokizidi, Batian na Nelion, huhitaji kamba na ustadi wa kukwea miamba. Hivyo mwanafunzi au mtalii wa kawaida huridhika kusimama juu ya kilele cha mwana na kukitazama kwa mbali kile cha baba.

Baba huyo alikuwa Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai katika karne ya 19. Majina hayo yalitolewa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kileleni Septemba 1899, miezi michache tu baada ya reli kufika Nairobi. Wakati huo Lenana, ambaye watu wake humwita Olonana, alikuwa angali hai, akiishi upande wa Ngong. Si wengi duniani waliopewa kilele cha mlima kabla ya kuingia kaburini.

Heshima haikuishia mlimani. Baada ya uhuru shule iliyokuwa ya watoto wa Wazungu jijini Nairobi, Duke of York, ilipewa jina lake, na ipo barabara jijini yenye jina hilohilo. Hata hivyo, katika maboma ya Wamaasai jina la Lenana halitajwi bila mjadala, kwa maana ni yeye aliyetia alama yake kwenye mkataba uliowatoa katika Bonde la Ufa.

Ili kumwelewa, ni lazima kwanza kuelewa kazi ya laiboni. Hakuwa mfalme wala chifu. Wamaasai hawakuwa na mtawala mmoja. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na wasemaji wa kila rika, walioitwa ilaiguenak. Laiboni aliagua, alitabiri, aliwapa morani dawa na baraka kabla ya kwenda vitani, na aliongoza sherehe kubwa za marika. Nguvu yake ilitokana na imani ya watu, na mtu aliyekosa imani naye aliweza kumwendea laiboni mwingine.

Mbatian alifariki karibu mwaka 1890, na wanawe wawili wakaanza kugombea nafasi yake. Simulizi mashuhuri kuhusu ugomvi huo iliandikwa na ofisa wa kikoloni, Alfred Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya Wamaasai. Inaeleza kwamba mzee, akihisi mauti yamekaribia, alimwita mwanawe mkubwa Senteu na kumwagiza arudi alfajiri kupokea vifaa vya uganga. Lenana alikuwa amejificha katika zizi la ndama akisikiliza. Kulipopambazuka alitangulia yeye. Baba, aliyekuwa na jicho moja na uwezo hafifu wa kuona, akamkabidhi rungu la chuma na vifaa vingine. Senteu alipofika alikuta baraka imekwisha kutolewa.

Msomaji wa Biblia atamkumbuka mara moja Isaka na wanawe, Esau na Yakobo. Iwe kweli au isiwe, ni hadithi inayomfaa zaidi aliyeshindwa, kwani humwachia haki hata baada ya kukosa mamlaka. Matokeo yake lakini hayana shaka: Wamaasai waligawanyika. Senteu alielekea kusini, hadi katika eneo lililokuwa chini ya Wajerumani, na wafuasi wa ndugu hao wakavamiana kwa miaka kadhaa, hadi Senteu alipozidiwa na kurejea kupatana na nduguye mwaka 1902.

Vita hivyo vilipiganwa na watu ambao tayari walikuwa nusu mfu. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ilikuwa imeshambulia ng'ombe, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ambayo iliua karibu mifugo yote iliyosalia. Nyuma ya sotoka ilifuata njaa, na nyuma ya njaa, ndui. Msafiri kutoka Austria, Oscar Baumann, aliyepita nchi ya Wamaasai wakati huo, alikadiria kwamba theluthi mbili ya watu walikuwa wamekufa. Wamaasai wenyewe huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi.

Familia zilizosalia zilikimbilia kwa majirani wakulima. Wengine waliwaacha watoto na wanawake kwa Wakikuyu ili wapate chakula. Wengine walijikusanya karibu na ngome ya Waingereza, Fort Smith, iliyojengwa Kabete mwaka 1891. Lenana naye alitafuta kivuli cha ngome hiyo. Akiwa na watu wenye njaa nyuma yake na ndugu mwenye mikuki mbele yake, alihitaji rafiki mwenye bunduki. Waingereza, waliokuwa wachache na wenye njia ndefu ya kulinda hadi Uganda, nao walihitaji kutoshambuliwa na Wamaasai.

Urafiki huo ulijaribiwa Novemba 1895 katika bonde la Kedong. Msafara wa Wakikuyu na Waswahili zaidi ya 1,000, uliokuwa ukirejea kutoka kupeleka chakula Eldama Ravine, uligombana na Wamaasai, ambao walisema wasichana wao walinyanyaswa na ng'ombe wao kuchukuliwa. Morani waliushambulia na kuua mamia ya watu. Mfanyabiashara Mzungu, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, aliamua kulipiza kisasi mwenyewe. Aliua Wamaasai kadhaa kabla naye hajachomwa mkuki.

Wengi walitarajia serikali ingewaadhibu Wamaasai vikali. Haikufanya hivyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba wachokozi walikuwa watu wa msafara, na jambo likamalizwa kwa ng'ombe. Busara hiyo haikuwa ya haki tupu: serikali haikuwa na askari wa kupigana na Wamaasai. Lakini kwa Lenana ulikuwa ushahidi kwamba njia yake ilikuwa salama.

Kilichofuata hakipendezi kusimuliwa katika nchi yenye makabila mengi. Morani wa Kimaasai walijiunga na majeshi ya Waingereza katika safari za kuadhibu jamii nyingine, ikiwemo ile ya mwaka 1905 dhidi ya Wanandi, ambamo Koitalel arap Samoei aliuawa. Malipo yao yalikuwa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Hivyo ndivyo mazizi yaliyokuwa matupu yalivyojaa tena. Katika muda wa takriban miaka 15 Wamaasai walikuwa matajiri upya, na kwa kiasi fulani kwa mali ya jirani.

Waingereza nao walimpa Lenana cheo ambacho hakikuwahi kuwepo: chifu mkuu wa Wamaasai wote. Serikali ya kikoloni ilipenda kuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye, na pale ambapo hakuwepo, ilimtengeneza.

Faida ya kuwa na mtu huyo ilionekana upesi. Reli ilifika ziwa Victoria mwaka 1901, na gharama zake zilikuwa kubwa. Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, Sir Charles Eliot, aliona suluhisho ni kuleta walowezi Wazungu walime na kusafirisha mazao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwafungulia mlango. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro, na kampuni moja ya Kiingereza, East Africa Syndicate, ikaahidiwa maili mraba 500 katika Bonde la Ufa. Kwa macho ya wageni hao nyanda za Naivasha na Nakuru zilikuwa tupu. Walizipima baada ya Emutai, wakati wenyewe walikuwa wamekufa au wako ukimbizini, na hata mfugaji aliyehamisha ng'ombe kwa msimu mmoja alihesabiwa kuwa ameiacha ardhi.

Eliot alijiuzulu mwaka 1904 kutokana na mzozo wa nani kati ya wageni apewe ardhi gani. Aliyemrithi, Sir Donald Stewart, ndiye aliyekamilisha kazi. Agosti mwaka huohuo Lenana na wawakilishi wengine wa Wamaasai walitia alama zao katika mkataba. Walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa na kuishi katika maeneo mawili: moja kusini mwa reli, jingine Laikipia. Waliahidiwa njia yenye upana wa nusu maili ya kuunganisha pande hizo, na maili mraba tano kwenye miteremko ya Kinangop kwa sherehe za jando. Makubaliano hayo yalitakiwa kudumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwepo duniani kama kabila.

Kwa nini alikubali? Wanaomwita kibaraka husema alinunuliwa kwa cheo. Lakini mtu aliyeona watu wake wakifa kwa maelfu, na aliyejua kwamba bunduki zilizomlinda dhidi ya Senteu zingeweza kumgeukia yeye, hakuwa na mengi ya kuchagua. Huenda pia aliuona mkataba kama kinga: kwa kutoa sehemu, angehakikishiwa iliyosalia. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kuamini kwamba muda wa milele ulioandikwa na serikali ni wa milele kweli.

Muda huo ulidumu miaka saba.

Laikipia ilikuwa malisho mazuri mno. Mifugo ya Wamaasai wa kaskazini iliongezeka, na msemaji wao, Parsaloi ole Gilisho, akawa mtu mwenye sauti kubwa. Njia ya nusu maili haikufanya kazi ipasavyo, kwani karantini za mifugo ziliifunga, na laiboni aliyekuwa Ngong akawa mbali na watu wake. Walowezi, kwa upande wao, waliitamani Laikipia. Gavana Percy Girouard, aliyewasili mwaka 1909, alitaka Wamaasai wote wakusanywe kusini.

Hapo maslahi ya gavana na ya laiboni yalikutana. Kuletwa kwa watu wa kaskazini kungerejesha ushawishi wa Lenana juu yao. Katika mkutano wa Februari 1910 Ole Gilisho alipinga kuhama, kisha baadaye akalegeza msimamo. Uhamisho ulikuwa karibu kuanza serikali ya London ilipousimamisha, ikitaka kuhakikishiwa kwamba Wamaasai wameridhia na kwamba mkataba wa 1904 hauvunjwi kiholela.

Lenana alifariki Machi 7, 1911. Mara serikali ikatoa taarifa kwamba akiwa kitandani mwake, karibu na kukata roho, aliusia watu wake waitii serikali, na kwamba wa kaskazini wahamie kusini. Usia huo ulikuwa wa manufaa kupita kiasi. Haukuandikwa na Mmaasai yeyote. Uliwasilishwa na wale waliouhitaji, na wapinzani wa uhamisho waliutilia shaka tangu mwanzo. Inawezekana alisema hivyo, kwani hata akiwa mzima aliunga mkono muungano. Lakini laiboni ambaye maisha yake yalianza kwa neno la baba anayekufa, lililosikilizwa kwa siri nyuma ya zizi, sasa naye alikuwa amefanywa mzee anayetoa neno la mwisho, na sikio lililolipokea lilikuwa la serikali.

Haikuchukua hata mwezi mmoja. Aprili 4, 1911, mkataba mpya ulitiwa alama kwa jina la Seggi, mwana wa Lenana, ambaye bado alikuwa kijana chini ya uangalizi wa wazee. Ole Gilisho naye alitia alama, ingawa baadaye alidai alishinikizwa. Mkataba wa kudumu milele ulifutwa na mtoto.

Uhamisho ulianza mwaka huohuo. Karibu watu 10,000, na ng'ombe wapatao 200,000, waliongozwa kuvuka nyanda za juu za Mau katika mvua na baridi, pamoja na kondoo waliokaribia milioni. Njia zilijaa, mifugo na watu wakafa, na serikali ikalazimika kusitisha zoezi kabla ya kulianza tena. Eneo jipya lilikuwa na maji machache na magonjwa ya mifugo ambayo Laikipia haikuyajua.

Ole Gilisho alichukua hatua ambayo Lenana hakuwahi kuifikiria: alikwenda mahakamani. Wamaasai walitoa ng'ombe kulipia mawakili, na kesi ikasikilizwa Mombasa. Mwaka 1913 mahakama iliitupilia mbali bila kugusa swali la iwapo Wamaasai walidhulumiwa. Ilisema mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa makubaliano kati ya mataifa mawili, na Wamaasai, kwa kuwa walikuwa wa taifa la kigeni chini ya ulinzi wa Mfalme, hawakuweza kuidai mbele ya majaji wake. Desemba mwaka huo rufaa nayo ikaanguka. Kufikia wakati huo Laikipia ilikuwa imekwisha kuhamwa.

Basi cheo kile cha kubuni kilikuwa kimefanya kazi mara mbili. Kwanza kilimfanya Lenana kuwa mfalme anayeweza kuitoa ardhi ya watu wote. Kisha kikawafanya watu hao kuwa raia wa ufalme wa kigeni, wasioweza kuirudisha.

Agosti 2004, miaka 100 tangu mkataba wa kwanza, Wamaasai walipeleka malalamiko yao serikalini wakidai kwamba muda wa makubaliano ulikuwa umekwisha, na wafugaji wakaingiza ng'ombe katika mashamba makubwa ya Laikipia. Polisi walitumwa, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Serikali ilijibu kwamba hati za mashamba hayo hazikuwa za miaka 99 bali za 999. Katiba ya mwaka 2010 ilizipunguza hati za aina hiyo zilizomo mikononi mwa wasio raia hadi miaka 99.