Hertha Ayrton na Mwali wa Umeme

Safari hii tumemchagua Hertha Ayrton wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1854. Baba yake, fundi saa mhamiaji kutoka Poland, alifariki mwaka 1861. Mama akabaki na watoto wengi, akiwalea kwa kushona. Hertha alisoma hisabati katika chuo cha Girton, Cambridge. Mwaka 1880 alifaulu mitihani, lakini Cambridge haikuwapa wanawake digrii.

Zama zile barabara nyingi ziliangazwa kwa taa za vijiti viwili vya kaboni. Umeme huruka kutoka kijiti hadi kijiti, ukatoa mwali mkali ajabu. Lakini mwali huo huila kaboni yenyewe, na kijiti cha upande chanya ndicho huisha upesi zaidi. Tena taa zilitoa mlio kama wa nyoka na mwanga ukayumba. Kwa nini?

Bibi huyu alipima kwa subira, akachunguza umbo la ncha. Aliona kuwa ncha chanya huchimbika kama kikombe. Umeme ukizidi, kikombe hupanuka mpaka kumwagikia ubavuni, na hapo hewa huifikia kaboni iliyoungua. Oksijeni ya hewa ndiyo inayoleta ule mlio. Hewa ikizuiwa, mlio hakuna.

Tusidhani hayo ni ya kale tu. Fundi wa leo anayechomelea kwa gesi ya argoni hutumia ncha ya tungsteni, na gesi ile huizuia hewa isiile. Mashine za kukatia chuma kwa plazma ya hewa haziwezi kuikwepa oksijeni, kwa hiyo ncha yake hasi huwekewa hafni, metali inayostahimili zaidi, ingawa nayo huliwa kidogo kidogo.

Mwaka 1899 Hertha alisoma utafiti wake mwenyewe mbele ya taasisi ya wahandisi wa umeme, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kumbe Royal Society ilikuwa na milango migumu zaidi! Mwaka 1901 makala yake ilisomwa hapo na mwanamume, John Perry. Mwaka 1902 alipendekezwa uanachama, akakataliwa kwa kuwa ni mke wa mtu. Mwaka 1906 jumuiya hiyohiyo ikampa medali ya Hughes.

Alifariki mwaka 1923. Wanawake wa kwanza walichaguliwa kuwa wanachama mwaka 1945.