Rureke, msimulizi wa Walikale aliyezoea kuiacha hadithi njiani

Candi Rureke alijulikana kama She-Karisi, jina wanaloitwa mabingwa wa karisi, hadithi ndefu ya mashujaa wa Wanyanga wa Walikale, Kivu ya Kaskazini. Nje ya Congo jina lake linakumbukwa kwa siku 12 za mwaka 1956. Katika siku hizo aliisimulia hadithi ya Mwindo kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifanya kwa mfululizo hata mara moja.

Kazi hiyo haikufundishwa darasani. Kijana alimfuata msimulizi mzee, akapiga vijiti na kuitikia nyimbo mpaka maneno yakamkaa kichwani. Rureke naye alijifunza hivyo. Kwa Wanyanga, Karisi ni pia roho: ndiye anayemtaka mtu awe msimulizi, na ndiye anayemkinga na magonjwa na kifo.

Rureke alisimulia, aliimba, alicheza na kuigiza. Watu waliitikia na kumtunza shanga na pete za butea, zilizotumika zamani kama pesa. Lakini hadithi yenyewe haikuenea katika jioni moja. Leo alitoa kipande hiki, siku nyingine kipande kingine, na wasikilizaji wakarudi nyumbani hadithi ikiwa bado njiani.

Ni nini kiliwarudisha? Mfano ni kisa cha ngoma. Shemwindo, mwami wa Tubondo, amewakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa, na papo hapo anatembea na kusema. Baba anamrushia mikuki, inamkosa. Anamzika, mtoto anatoka kaburini. Mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini.

Mahali kama hapo ndipo watunzi wa hadithi za mfululizo, katika magazeti au kwenye redio, hupenda kukata. Lakini wasikilizaji wa Rureke walijua kwamba Mwindo hafi. Hatari peke yake isingetosha kuwashika. Swali lililobaki lilikuwa zito zaidi: mtoto aliyetupwa na baba yake atamfanya nini baba huyo akiwa na nguvu?

Jibu linakawia. Ngoma inaelea ikiimba mpaka Mwindo anafika kwa shangazi yake, Iyangura. Kisha anarudi Tubondo, na mji unateketezwa kwa radi ya Nkuba. Shemwindo anakimbilia chini ya ardhi, na mwanawe anamfuata huko. Kila kipande kinajibu jambo dogo na kuacha lile kubwa. Kwa watu walioishi chini ya mwami, urithi na ugomvi wa baba na mwana havikuwa mambo ya kubuni tu. Hatimaye Mwindo anamrudisha baba yake akiwa hai, na Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu.

Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alimwomba Rureke hadithi yote. Kwa siku 12 msimulizi aliimba na kucheza mbele ya umati, huku Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga wakiandika kwa mkono. Kitabu kilitoka mwaka 1969 kwa Kinyanga na Kiingereza, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga.

Wasimulizi wa aina hiyo walikuwa tayari wachache. Bila siku zile 12, vipande vya Rureke vingezikwa pamoja naye, na mwisho kama alivyousimulia yeye usingejulikana.

Leo vita vimewakimbiza wengi kutoka vijiji vya Walikale na vya jirani zao wa Masisi, na kijana anayetaka kumfuata mzee kama Rureke alivyofanya hana hakika atamkuta wapi. Maneno yake yamo kitabuni. Nyimbo, vijiti na watu wa kuitikia vinahitaji kijiji kilichokaa pamoja jioni.