Mganga Richard Bright na Kijiko Chake

Richard Bright alizaliwa mwaka wa 1789 katika Bristol, mji wa bandari wa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, lakini kijana alichagua uganga. Alipenda pia kusafiri. Mwaka wa 1810 alifika hata Iceland, kisiwa cha barafu chenye milima ya moto kama Nyiragongo.

Mwaka wa 1820 akaanza kazi katika hospitali ya Guy, mjini London. Humo walilala wagonjwa wengi waliovimba uso, miguu na tumbo. Waganga waliwatoa damu na kuwapa dawa za kuharisha. Bright naye alifanya hivyo, maana hapakuwa na dawa bora. Wengi wakafa.

Basi alitia mkojo wa mgonjwa katika kijiko, akakishika juu ya mshumaa. Mkojo wa wengine ulipopata moto uliganda, ukawa mweupe kama ute wa yai katika sufuria. Kitu hicho ni protini ya damu, na haifai kupotea katika mkojo. Waganga wengine walikwisha kuiona kabla yake. Lakini Bright, mgonjwa akifa, aliuchunguza mwili wake, na mara kwa mara akakuta mafigo yameharibika. Ndipo akajua kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa mafigo. Akaandika hayo katika kitabu mwaka wa 1827. Mwaka wa 1842 hospitali ikamtengea vitanda 42 kwa wagonjwa wa namna hiyo tu. Alikufa mwaka wa 1858, kwa ugonjwa wa moyo.

Huku Bukavu, mtoto akivimba, watu husema ni bwaki. Pengine ni kweli. Bwaki hutoka katika chakula kisichofaa, na maziwa na chakula chema humponya mtoto. Lakini yuko mtoto anayekula maharagwe na sambaza kila siku, na bado huamka asubuhi macho yamevimba. Huyo huenda anaumwa mafigo, na chakula peke yake hakitamponya. Kwa kutazama uso tu ni vigumu kuwatofautisha. Kwa hiyo muuguzi huchovya kipande cha karatasi katika mkojo. Rangi yake ya manjano ikigeuka kijani, protini imo. Hata hivyo mama asitishike upesi: mtoto mwenye homa aweza kutoa protini kidogo kwa siku chache, kisha ikaisha. Homa ikipoa, hupimwa tena.