Christopher Sholes, mtu aliyepanga herufi za kibodi na hakuridhika nazo hadi kufa

Kila siku mamilioni ya watu wanaweka vidole vyao juu ya kazi ya mtu mmoja ambaye jina lake hawalijui. Mtu huyo ni Christopher Latham Sholes, mchapaji wa magazeti na mwanasiasa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1890. Ndiye aliyeiachia dunia mpangilio wa herufi unaoanza na Q, W, E, R, T, Y.

Kibodi ya AZERTY, ile klavye ambayo wengi nchini Kongo walijifunzia kuandika kwa sababu ya Ubelgiji na lugha ya Kifaransa, ni mtoto wa mpangilio huo huo. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M imehamia pembeni ya L. Herufi nyingine karibu zote zimebaki pale Sholes alipoziacha.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba yeye mwenyewe hakuuona mpangilio huo kuwa wa mwisho. Aliendelea kuhamisha herufi hadi siku zake za mwisho.

Kijana wa kiwanda cha chapa

Sholes alizaliwa tarehe 14 Februari 1819 huko Mooresburg, katika jimbo la Pennsylvania. Akiwa bado kijana alipelekwa kujifunza kazi ya uchapaji katika mji jirani wa Danville. Wakati huo gazeti lilitengenezwa kwa mkono. Mchapaji aliokota herufi za risasi moja moja kutoka katika sanduku lenye vyumba vingi, akazipanga mstari kwa mstari.

Sanduku hilo halikufuata A, B, C. Herufi zinazotumika sana ziliwekwa karibu na mkono, na zile za nadra ziliwekwa mbali. Kila kijana wa kiwanda alilijua hilo kabla ya kujua mambo mengine ya kazi.

Mwaka wa 1837 Sholes alihamia Wisconsin, eneo ambalo lilikuwa bado halijawa jimbo kamili. Huko alikuwa mhariri, mwenye gazeti katika mji wa Southport ambao leo unaitwa Kenosha, kisha mwanasiasa. Wisconsin ilipokuwa jimbo mwaka wa 1848, aliingia katika baraza lake la seneti. Baadaye alikaa pia katika baraza la wawakilishi. Alikuwa upande wa wale waliopinga utumwa.

Mwaka wa 1851 mtu mmoja, John McCaffary, alinyongwa hadharani mjini Kenosha kwa kosa la kumuua mke wake. Maelfu ya watu walikuja kutazama, na mtu huyo alichukua muda mrefu kukata roho. Gazeti la Sholes lilikuwa limefuata kesi hiyo. Akiwa mbunge, Sholes alikuwa miongoni mwa waliopigania kufutwa kwa adhabu ya kifo, na mwaka wa 1853 sheria hiyo ilipita. Wisconsin haijairudisha hadi leo.

Huyo ndiye mtu aliyekuja kukaa mbele ya mashine: mtu aliyezoea kuona kwamba kilichopangwa na watu kinaweza kupangwa upya.

Kutoka namba hadi herufi

Katika miaka ya 1860 Sholes aliishi Milwaukee, ambapo alikuwa mkuu wa duane, yaani forodha ya bandari, kwa uteuzi wa Rais Abraham Lincoln. Jioni alikwenda katika karakana ya Kleinsteuber, mahali ambapo mafundi na wabunifu wa mji walikutana. Pamoja na mchapaji mwenzake Samuel Soule alitengeneza mashine ya kupiga namba kwenye kurasa za vitabu na kwenye tiketi. Walipata hati ya ubunifu mwaka wa 1866.

Mwanasheria mmoja aliyekuwa akifanya kazi zake katika karakana hiyo, Carlos Glidden, aliwauliza kwa nini mashine inayopiga namba isipige pia maneno. Mwaka wa 1867 jarida la Scientific American lilieleza jaribio la mtu mwingine la kutengeneza mashine ya kuandikia. Sholes alisoma, akaamua kujaribu. Alichukua kitufe cha telegrafu, akakitengeneza kiwe kinarusha kipande cha chuma chenye herufi moja dhidi ya karatasi. Herufi hiyo ilikuwa W. Mashine ya kwanza haikuweza kuandika kitu kingine.

Tarehe 23 Juni 1868 Sholes, Glidden na Soule walipewa hati ya mashine kamili. Vitufe vyake vilifanana na vile vya piano, na herufi zilifuata zaidi utaratibu wa alfabeti.

Kwa nini A, B na C ziliachana

Kazi ngumu ilianza hapo. Mfanyabiashara James Densmore alilipa dola 600 ili apate robo ya mradi, hata kabla ya kuiona mashine kwa macho yake. Alipoiona, aliona makosa mengi. Soule aliondoka. Densmore akaendelea kumsukuma Sholes atengeneze nyingine, na nyingine tena.

Mashine zilitumwa kwa watu wenye kuandika sana, miongoni mwao James Clephane, mwandishi wa hati mkato wa mjini Washington. Clephane alizitumia hadi zikavunjika, kisha akarudisha orodha ya lawama. Katika miaka hiyo Sholes alitengeneza makumi ya mifano. Vitufe vilitoka kwenye safu mbili hadi nne, na herufi zikaanza kuhama.

Sababu ya kuhama huko bado inabishaniwa. Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya kiufundi. Kila herufi ilikaa kwenye ncha ya mkono mwembamba wa chuma, na mikono hiyo ilining'inia kwa duara chini ya karatasi. Mikono miwili ya jirani ikipanda kwa kufuatana haraka, ilikwama. Kwa hiyo, kulingana na maelezo hayo, Sholes alitenganisha herufi zinazofuatana mara nyingi katika Kiingereza.

Watafiti wengine wanasema mchango mkubwa ulitoka kwa waendeshaji wa telegrafu, ambao walipokea ujumbe kwa sauti za vituo na mistari na kuuandika papo hapo, na waliotaka herufi zikae kwa namna inayowafaa. Pande zote zinakubaliana juu ya jambo moja: mpangilio haukuja siku moja. Ulijengwa kidogo kidogo, kwa kujaribu na kukosea.

Alama ya alfabeti ya zamani ingali pale. Mtu akitazama safu ya katikati ya kompyuta yake, QWERTY au AZERTY, ataona D, F, G, H, J, K, L zikifuatana. Ni alfabeti ya kawaida, isipokuwa E na I zilizohamishiwa juu.

Kiwanda cha bunduki

Mwaka wa 1873 Sholes na Densmore walifanya mkataba na kampuni ya E. Remington and Sons ya Ilion, katika jimbo la New York. Kampuni hiyo ilitengeneza bunduki, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika mwaka wa 1865 ilikuwa inatafuta kazi nyingine kwa mashine zake. Ilikuwa tayari imeanza kutengeneza cherehani.

Hivyo mashine ya kuandikia iliyotoka mwaka wa 1874 ilifanana na cherehani. Ilipambwa kwa maua, na baadhi ziliwekwa juu ya meza yenye kikanyagio cha kurudisha mstari. Bei yake ilikuwa dola 125, pesa nyingi kwa wakati huo. Iliandika herufi kubwa tu. Haikuwa na kitufe cha 1, bali mwandishi alitumia herufi I. Tena, kwa kuwa chuma kilipiga karatasi kutoka chini, mtu hakuona alichoandika hadi ainue sehemu ya juu.

Mauzo yalikuwa ya polepole. Mwaka wa 1878 Remington ilitoa mashine ya pili, iliyokuwa na kitufe cha kubadilisha herufi ndogo na kubwa. Hapo biashara ilianza kushika.

Sholes hakutajirika. Aliuza haki zake kwa dola 12,000, wakati Densmore alipendelea kulipwa fungu kwa kila mashine inayouzwa na akapata zaidi. Faraja ya Sholes ilikuwa kwingine. Binti yake Lillian alikuwa kati ya wanawake wa kwanza kupigwa picha akiandika kwa mashine hiyo, na katika miaka iliyofuata ofisi za Marekani zilianza kuajiri wanawake kwa wingi kama wapiga chapa. Sholes aliishi hadi kuyaona mabadiliko hayo, na yalimfurahisha.

Mpangilio uliomshinda mwenyewe

Katika miaka yake ya mwisho Sholes alisumbuliwa na kifua kikuu, lakini aliendelea kubuni mashine nyingine. Alifariki mjini Milwaukee tarehe 17 Februari 1890, siku tatu baada ya kutimiza miaka 71.

Hati yake moja ilitolewa mwaka wa 1896, miaka sita baada ya kifo chake. Katika mashine iliyochorwa humo herufi hazifuati QWERTY. Zimepangwa kwa namna nyingine kabisa. Mtu ambaye jina lake limefungwa na mpangilio mmoja alikuwa ameshauacha.

Dunia haikumfuata. Mwaka wa 1888, katika shindano mjini Cincinnati, Frank McGurrin alishinda kwa mashine ya Remington akiandika bila kutazama vitufe. Shule zilianza kufundisha vidole kukumbuka njia zao. Mwaka wa 1893 makampuni makubwa ya mashine za kuandikia ya Marekani yaliungana, na QWERTY ikawa ya wote. Kutoka hapo, kubadilisha mpangilio kulimaanisha kununua mashine mpya na kufundisha upya kila mwandishi.

Profesa August Dvorak wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliligundua hilo kwa uchungu. Mwaka wa 1936 alipata hati ya mpangilio alioujenga kwa kuchunguza mwendo wa vidole, huku irabu zote zikiwa chini ya mkono wa kushoto. Alifariki mwaka wa 1975, na ofisi zilikuwa bado kwenye QWERTY.

Leo kitufe hakina herufi

Katika mashine ya Sholes herufi ilishikiliwa na chuma. Ili A ihame, fundi alipaswa kufungua mashine. Katika kompyuta ya leo kitufe hakijui kinaitwa nani. Kikibonyezwa, kinatuma tu namba ya nafasi yake, na programu ndiyo inayoamua herufi ipi itokee. Maandishi yaliyo juu ya kitufe ni rangi tu.

Ndiyo maana kompyuta yenye vitufe vya QWERTY, ikiwekwa katika Kifaransa, inatoa A pale palipoandikwa Q, na mtu anashangaa neno lake la siri linakataliwa. Haijaharibika. Katika mipangilio, sehemu ya lugha, kibodi nyingine inaongezwa bila malipo. Kwenye Windows, kitufe chenye nembo yake kikibonyezwa pamoja na kile cha nafasi, mpangilio unabadilika papo hapo. Windows, Mac na Linux zote zina ule wa Dvorak tayari ndani. Zipo pia programu ndogo zinazohamisha kitufe kimoja tu, kwa mfano kilichokufa, na kumpa kazi yake jirani asiyetumika.

Kwa mwandishi wa Kiswahili jambo hili si la mchezo. A ndiyo herufi inayojitokeza zaidi katika lugha hii. Kwenye AZERTY kidole kidogo cha kushoto kinapanda safu ya juu kila mara kuifuata, wakati mahali pake pa kupumzikia pamekaliwa na Q, herufi ambayo Kiswahili hakiihitaji. Hakuna aliyepanga kibodi hiyo akifikiria lugha hii.

Kinachobaki kuwa kigumu ni mazoea. Vidole vilivyofundishwa miaka ishirini havikubali kuhama kwa siku moja, na anayejaribu huandika polepole kwa wiki nyingi kabla ya kuona faida. Hilo ndilo lililomshinda Sholes. Alisaidia kuondoa kitanzi katika sheria za jimbo lake, lakini hakuweza kuwaondoa watu kwenye herufi sita alizoziweka yeye mwenyewe mwanzoni mwa mstari.