Ampère: Mfiwa aliyefichua siri ya nyaya za umeme

ANDRÉ-MARIE Ampère, aliyezaliwa Lyon, Ufaransa, mnamo 1775, alikuwa na umri wa miaka 18 babake, aliyekuwa hakimu, alipokatwa kichwa wakati wa Mapinduzi. Kijana huyo alizama katika majonzi, akaacha masomo. Mnamo 1803 mkewe, Julie, pia alifariki na kumwachia mtoto mdogo.

Hata hivyo, elimu ilibaki kimbilio lake. Mnamo Septemba 1820, akiwa Paris, alipata habari kwamba Hans Christian Ørsted wa Denmark amegundua kuwa waya wenye umeme hugeuza mshale wa dira. Majuma machache baadaye, Ampère alidhihirisha kwamba nyaya mbili sambamba huvutana mikondo ya umeme inapoelekea upande mmoja, na husukumana inapopishana, hata pasipo sumaku.

Alifariki Marseille mnamo Juni 10, 1836. Kipimo cha mkondo wa umeme kilipewa jina lake, na kuanzia 1948 hadi 2019 kilifasiliwa kwa nguvu hiyo hiyo ya nyaya mbili. Herufi A iliyoandikwa kwenye fyuzi ya plagi ni kumbukumbu yake.