MAISHA YA MOBUTU NA SHABAHA YA MWAKA 1980

Mara hii tunaongea juu ya mtu ambaye wazazi wetu walimjua, lakini sisi wanafunzi hatukumkuta: Mobutu Sese Seko.

Alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake, mpishi wa Wazungu, alikufa mtoto angali mdogo. Mobutu akawa askari, halafu mwandishi wa magazeti Léopoldville. Tarehe 24 Novemba 1965 alikamata utawala.

Wakati ule Amerika na Urusi walishindana katika Afrika nzima. Mobutu alisimama upande wa Amerika, na franga za mkopo zilikuja bila shida. Mwaka 1967 serikali ilitwaa machimbo ya shaba ya Union Minière. Kisha ikatangazwa shabaha ya mbali, Objectif 80: mwaka 1980 nchi iwe ya viwanda.

Kumbe mambo yote yalitegemea bei ya shaba, na bei ile haikupangwa Kinshasa. Mwaka 1973 vita ya Waarabu na Israeli ilipandisha bei ya mafuta karibu mara nne. Tarehe 30 Novemba mwaka ule ule, magazini na mashamba ya wageni yalitwaliwa na kupewa wenyeji. Mengi yakabaki matupu. Mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka chini ya nusu. Mwaka 1975 vita ya Angola ikafunga njia ya treni ya Benguela, iliyopeleka shaba baharini. Mwaka 1976 serikali iliwaita wageni warudie mali yao.

Waya za umeme kutoka Inga mpaka Shaba, karibu kilometa 1,700, zilimalizika mwaka 1982. Zilipita juu ya vijiji vingi bila kuviwashia taa, na deni likabaki.

Ushindani wa wakubwa ulipokwisha, marafiki wake walifunga mikono. Mwisho wa Februari 1997 Kindu ilitekwa na AFDL, na mwezi wa tano Mobutu akakimbia. Alikufa Rabat tarehe 7 Septemba 1997, akiacha nchi na deni la zaidi ya dolari miliyari 10.

Watu wanasema alikula mali ya nchi, na ni kweli. Lakini hata mtawala mwaminifu angeumia kama nchi yake inategemea kitu kimoja tu. Kwetu Maniema tuna kasiteriti na zahabu, na bei yake haipangwi Kindu. Basi, sisi tunaomaliza masomo, kesho tukipewa kazi ya kupanga, tuulize kwanza: bei ikianguka, tutakula nini?